Mdogo wangu kaacha shule kidato cha tatu, nimwambie nini?

Muuza Chipsi:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mdogo wangu wa mwisho anasoma kidato cha tatu kule nyumbani Maswa. Wiki ya tatu sasa hajakanyaga shule, anataka nimnunulie pikipiki. Nikimkanya ananiuliza: "Kaka, una digrii na unauza chipsi Buguruni. Hiyo digrii ndiyo inayokaanga viazi?" Jamani, nilikosa jibu. Ada haipo tangu 2016, imebaki sare, madaftari na michango, kwa hiyo hata pesa siwezi kusingizia. Nimwambie nini? Ile ya "elimu ni ufunguo wa maisha" msinipe, imeandikwa ukutani shuleni kwao na haijamzuia kutoroka.

Mzee wa Stendi:
Mnunulie. Hapa kijiweni kwetu vijana wawili wameshajenga. Wewe msomi umepanga chumba.

Mjukuu wa Ngumbaru:
Mleta uzi, usimjibu kwa habari za ajira, hapo atakushinda. Ngoja nikusimulie ya bibi yangu, mkulima wa pamba huko huko kwenu. Utotoni hakusoma. Nyerere alipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, vijiji vikaingia kisomo, na bibi akaingia ngumbaru. Jioni akitoka shamba, mtoto mgongoni, anakaa chini ya mwembe. Aliishia kusoma kwa kufuata mstari kwa kidole, midomo ikichezacheza. Cheo hakupata, mshahara hakupata.

Ila msimu wa pamba ulipofika, alikuwa haondoki kwenye mizani. Karani anataja kilo, bibi anachungulia mshale, halafu anasoma stakabadhi. Siku moja mshale ulisema 47, karatasi ikasema 41. Hakugomba. Alimrudishia karani karatasi yake: "Baba, saba yako haina kofia." Foleni nzima ikacheka, karani akachukua kalamu. Tangu siku hiyo majirani hawakupima gunia mpaka aitwe. Alijifunza mtu mmoja, wakapona wote waliopanga foleni nyuma yake.

Dereva wa Nyakato:
Mimi ni bodaboda, nina la saba. Nilichukua pikipiki ya mkataba, hesabu ya kumpelekea tajiri elfu kumi kwa siku, miezi kumi na minne iwe yangu. Nikasaini. Mwezi wa kumi homa ikanilaza siku nne, tajiri akaja kuichukua. Akanionyesha kifungu: siku tatu bila hesabu, mkataba umekufa. Kilikuwepo siku zote, kwa Kiingereza. Mwambie dogo kazi hii siidharau, imenilelea watoto. Lakini aje na cha nne mkononi. Mimi sasa nasoma QT usiku, ule mtihani wa kukuruhusu ufanye cha nne ukiwa nje ya shule, nina miaka 34, na hesabu za herufi zinanitoa jasho kuliko abiria wa mishikaki.

Muuza Chipsi:
Nimempigia. Ya saba isiyo na kofia kacheka sana, ya mkataba kanyamaza. Halafu kauliza mtihani wa kidato cha nne umebakiza miezi mingapi. Jumatatu mama atampeleka kwa mkuu wa shule.

Mzee wa Stendi, hivi pikipiki iliyotumika inauzwaje siku hizi? Naulizia tu.