Kompyuta haipati intaneti kwa waya, lakini Wi-Fi ya ruta hiyohiyo inafanya kazi

Mhasibu_Kihonda

Habari zenu wakuu. Ninafanya kazi za hesabu nikiwa nyumbani, na ruta yangu, ambayo ni ya kutumia laini ya 4G, nimeiweka dirishani sebuleni kwa kuwa ndiko mawimbi yanakopatikana vizuri. Kati ya sebule na chumba cha kazi kuna kuta mbili za tofali, hivyo Wi-Fi hufika ikiwa imechoka, na jioni mikutano ya video hukatikakatika mpaka wenzangu wananiomba nizime kamera. Juzi nilinunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha pembeni mwa ukuta, nikachomeka ncha moja nyuma ya kompyuta ya mezani na nyingine kwenye ruta, katika tundu la buluu lililokaa peke yake. Taa za pande zote mbili ziliwaka, lakini nilipochomoa kidude cha Wi-Fi, intaneti ikapotea kabisa. Muuzaji amekataa kunibadilishia waya, akidai kwamba taa zikiwaka basi waya ni mzima. Je, tatizo ni waya, ni ruta, au kuna mpangilio ambao nimeuruka?

Mzee_wa_Waya

Waya wa kuunganisha kompyuta na kifaa kingine moja kwa moja unatakiwa uwe wa kuvuka, yaani mpangilio wa rangi katika ncha moja utofautiane na wa ncha nyingine. Mtafute fundi akubanie upya.

Binti_Pangani

Kwa heshima, mzee wangu, waya wa kuvuka tuliuhitaji zamani kuunganisha kompyuta mbili pasipo ruta katikati, na siku hizi hata huko hauhitajiki sana kwa kuwa kadi nyingi za mtandao hujirekebisha zenyewe. Taa zimewaka, maana yake ncha mbili zinasikizana.

Ndugu Mhasibu, usikate waya bado. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig, kisha utuandikie hapa namba iliyo mbele ya anwani ya IPv4, yaani namba inayoitambulisha kompyuta yako katika mtandao. Tazama pia maandishi yaliyo juu ya tundu hilo la buluu.

Mhasibu_Kihonda

Namba ni 169.254.83.20. Juu ya tundu pameandikwa WAN, na kando yake yapo matundu ya njano yaliyoandikwa LAN. Nililichagua la buluu nikiamini kwamba, kwa kuwa limetengwa, ndilo linalotoa intaneti.

Binti_Pangani

Hapo ndipo penye tatizo, na wengi hukosea kama wewe. Tundu la WAN halitoi intaneti bali huipokea, kwa mfano kutoka kwenye kifaa cha faiba. Wewe unapokea kwa laini ya simu, ndiyo maana lilikuwa tupu. Kompyuta inapochomekwa huiomba ruta anwani, lakini upande wa WAN ruta nayo husubiri kupewa, kwa hiyo wanakuwa kama wageni wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja akingoja mwenzake amkaribishe. Kompyuta ikichoka kungoja hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, ambayo haikufikishi popote nje ya waya huo. Ukiiona namba hiyo, usimpigie mtoa huduma simu. Kagua kwanza mahali ulipochomeka. Hamishia waya kwenye tundu lolote la njano, kwani hayo ya LAN ndiyo ya vifaa vya humo ndani ya nyumba.

Mhasibu_Kihonda

Nimehamisha, na kabla sijakaa kitini intaneti ilikuwa imerudi. Anwani sasa ni 192.168.1.102. Nashukuru sana, dada. Hata hivyo nimebaki na mashaka mawili. Nilipopima kasi nilipata megabiti 22 kwa sekunde, sawasawa na ninazopata kwa Wi-Fi nikisimama karibu na ruta, nami nilidhani waya ungeongeza. Pia kompyuta inaonyesha kwamba imeunganishwa kwa megabiti 100, ilhali waya umeandikwa Cat5e na muuzaji aliniapia kwamba unabeba 1000.

Fundi_Mnara

Waya unatibu kipande cha kati ya ruta na kompyuta tu. Kipande cha kutoka mnarani hadi dirishani kwako kimebaki vilevile, kwa hiyo hizo 22 ni za laini. Utakachokipata ni utulivu, na unaweza kuupima: andika ping 192.168.1.1, amri inayoiita ruta na kupima muda wa jibu lake, mara moja ukiwa kwenye waya na mara nyingine ukiwa kwenye Wi-Fi, jioni, kisha ulinganishe muda.

Kuhusu 100, mimi ninashuku kichwa cha waya. Ndani mna nyuzi nane. Kasi ya 100 hutumia nne tu, yaani jozi ya chungwa na jozi ya kijani, lakini 1000 huzihitaji zote nane. Uzi mmoja wa buluu au wa kahawia ukiwa haukugusa vizuri, muunganisho hushuka hadi 100 na taa zinaendelea kuwaka kana kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo hoja ya muuzaji wako kuhusu taa haina uzito. Kata kichwa, ubane kingine kwa mpangilio huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Binti_Pangani

Ninakubaliana na Fundi kuhusu nyuzi, ila si kuhusu kukata. Ruta nyingi za 4G za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 tu, na ukiwa na ruta ya namna hiyo unaweza kubana vichwa kumi bila namba kubadilika. Geuza ruta, usome kibandiko au ukurasa wa sifa zake kwanza. Zaidi ya hayo, laini inayotoa 22 haitaijaza hata robo ya hiyo 100. Tofauti ungeiona tu kama ungekuwa unahamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta mbili za humo ndani.

Mhasibu_Kihonda

Nimepima jana saa 2 usiku. Kwa waya, kila jibu lilirudi chini ya milisekunde 1. Kwa Wi-Fi, majibu yalicheza kati ya 4 na 180, na mawili hayakurudi kabisa. Mkutano wa leo nimeumaliza kamera ikiwa imewashwa.

Kijitabu cha ruta kinasema matundu yote ni ya 10/100, yaani mwisho wake ni megabiti 100. Koleo la kubania nilikuwa nimeshaliazima kwa jirani, nimelirudisha.