Msaada: intaneti ya nyumbani Goba, nichukue faiba au ruta ya 5G?

Mkazi_wa_Goba
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nyumba iko Goba, Dar es Salaam: tofali za saruji, bati, vyumba vinne na sebule. Tuko watano. Wawili tunafanya kazi kwa mikutano ya video, mara nyingi kwa saa zilezile. Kuna TV moja ya 4K, na kamera nne za ulinzi ninazotaka kuziona nikiwa mbali. Nguzo yenye kebo ya faiba iko kama mita 120 kutoka getini. Kampuni mbili za simu zinasema 5G yao inafika. Naona vifurushi vya 20, 50 na 100 Mbps (megabiti kwa sekunde), sijui kipi kinanitosha. Umeme nao hukatika, wakati mwingine saa tatu mfululizo. Nikague nini kabla ya kulipa?

fundi_nguzo
Mkuu, faiba ikifika kweli, chukua faiba. Ila kebo kuonekana kwenye nguzo hakumaanishi imekufikia. Ile nyeusi nene inaweza kuwa inapita tu kwenda mtaa mwingine. Tafuta kisanduku cha kugawia kilichofungwa kwenye nguzo, kisha muulize mtoa huduma kama kina tundu lililobaki wazi. Likiwa halipo, "tutakuja wiki ijayo" inaweza kuwa miezi.

Mita 120 si kitu. Mwanga hupoteza nguvu chini ya nusu desibeli kwa kilomita nzima. Kinachoua laini ni maungio mabaya, uchafu kwenye ncha na waya kukunjwa. Dai waya wa kuingia ndani uwe mmoja tangu nguzoni, usiungwe njiani. Penye kona, usipinde kwa duara dogo kuliko kifuniko cha chupa ya soda. Kichwa cha kijani kiingie kwenye tundu la kijani, kwa sababu ncha yake imekatwa mshazari. Ukikisukuma kwenye tundu la bluu kinaingia vizuri tu, lakini nyuso hazigusani sawasawa na mwanga mwingi unapotea.

Kabla fundi hajaondoka, akuonyeshe kipimo cha mwanga kwenye kile kisanduku cha ndani, ONT, kinachogeuza mwanga kuwa intaneti ya ruta. Vifaa vingi vya GPON (aina ya faiba ya majumbani) hufanya kazi kati ya −8 na −27 dBm, yaani nguvu ya mwanga: namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi. Mimi napokea kazi ikiwa kati ya −15 na −24. Akikuachia −26 na kusema "si inafanya kazi?", kataa. Itafanya kazi leo, halafu waya ukivutwa na upepo kidogo taa nyekundu ya LOS (mwanga umepotea) inawaka. Piga picha kipimo hicho. Siku spidi ikianza kuyumba utakuwa na cha kulinganisha.

Hesabu_Kwanza
Ndugu, 100 Mbps huihitaji. Mkutano mmoja wa video hula megabiti 3 hadi 4 kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Miwili ni 8. Netflix wenyewe wanataka 15 kwa 4K. Waongezee watoto 10 za simu. Jumla haifiki 35, kwa hiyo 50 inakutosha na nafasi inabaki.

Swali kubwa zaidi ni la kupakia. Matangazo yanataja spidi ya kupakua peke yake. Kifurushi cha 50 kinachopakia 5 kitawakwamisha ninyi wawili, wenzenu wataanza kusema "tunakusikia unakatikakatika". Dai angalau 10 za kupakia, na iandikwe kwenye mkataba. Uliza pia kuhusu ukomo wa matumizi ya haki: ni baada ya GB ngapi spidi inapunguzwa, na inashuka hadi ngapi. "Bila kikomo" inayoshuka hadi 2 Mbps tarehe 12 ya mwezi ina kikomo.

Jambo la mwisho, usichanganye megabiti na megabaiti. 50 Mbps ni megabaiti 6.25 kwa sekunde. Ukiona faili linashuka kwa 6, hujaibiwa.

antena_juu
Naongezea upande wa 5G, maana huenda kile kisanduku kimejaa. Usiamini ramani ya kampuni. Azima simu yenye 5G na laini ya kila kampuni, simama dirisha linalotazama mnara, pima mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 3 usiku. Andika kupakua, kupakia na pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi). Kama usiku spidi inashuka chini ya nusu ya asubuhi, mnara umejaa, na hakuna antena itakayokutibu.

Kwenye simu nyingi za Android piga \*#\*#4636#\*#\* uone nguvu ya mawimbi. Namba yake huitwa RSRP: −80 ni nzuri sana, −95 inavumilika, −110 achana nayo. Tazama na SINR, yaani mawimbi yakilinganishwa na kelele: juu ya 15 ni safi, ikikaribia sifuri kelele zimekuwa nyingi kama mawimbi yenyewe. Watu hupuuza namba hii ya pili, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini mistari iko mitano na video bado inakwama.

Bati na nondo huzuia mawimbi, kwa hiyo ruta ya kukaa mezani haitakufaa ikiwa mnara uko mbali. Bora kifaa cha nje kinachofungwa ukutani na kushusha waya wa mtandao wenye umeme ndani yake. Antena ya nje yenye waya mrefu hadi ruta iliyo ndani ni mtego: mita 10 za waya mwembamba wa RG58 kwenye 1800 MHz hula karibu desibeli 8, yaani karibu faida yote ya antena. Ukilazimika, tumia waya mnene wa LMR-400, huo hupoteza kama 2 tu kwa urefu huo.

Pwani_Kaskazini
Kutoka Mombasa. Huku watu wanauliza sana Starlink, ambayo Kenya iko tangu Julai 2023. Inafaa pale nguzo na mnara havipo. Sahani inataka anga wazi, mnazi mmoja unatosha kukata simu ya video kila dakika chache. Nayo hujaa kama mnara: mwishoni mwa 2024 walisitisha kuuza kwa wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani. Kwa upande wenu, huduma yoyote ya setilaiti hakikisha kwanza ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Ila mwenye faiba mita 120 hana haja ya kutazama juu.

Mkazi_wa_Goba
Asanteni sana wakuu. Kamera na umeme je? Na vyumba vya nyuma, kuta ni nene.

Hesabu_Kwanza
Kamera zirekodi kwenye mashine iliyo hapo nyumbani, si mbali. Kamera moja ikituma 2 Mbps muda wote inapakia GB 21.6 kwa siku. Nne ni zaidi ya 86. Hakuna kifurushi kitakachovumilia, na mikutano yenu itazama. Kuziona ukiwa mbali, angalia anwani ya IP ambayo ruta imepewa. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, umewekwa nyuma ya anwani ya pamoja na wateja wengine, kufungua mlango (port) kwenye ruta hakutasaidia. Tumia programu ya kamera inayounganisha yenyewe, au lipia anwani ya kudumu.

fundi_nguzo
Umeme: ONT na ruta pamoja hula kama wati 15. Zile UPS ndogo zilizoandikwa 8800 mAh zinahesabiwa kwa volti 3.7, si 12. Hiyo ni Wh (wati-saa) 32.6, ukitoa upotevu zinabaki kama 28, hazifiki saa mbili. Kwa saa tatu na ziada tafuta yenye Wh 60 kwenda juu. Angalia kichwa cha chaja, 5.5 × 2.1 na 5.5 × 2.5 zinafanana machoni lakini moja italegea. Vifaa vya GPON vilivyo nguzoni havitumii umeme, kwa hiyo mtaa ukiwa giza faiba inaendelea mradi kituo chao kina jenereta.

Vyumba vya nyuma, pitisha waya wa mtandao, Cat6 ya shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba, ufunge kisambaza Wi-Fi cha pili. Hakikisha matundu ni ya gigabiti. Ruta nyingi za bei ndogo zina tundu la 100 tu. Mitambo miwili inayorudishiana Wi-Fi hewani, huku kuta za tofali zikiwa katikati, inakula nusu ya spidi.

antena_juu
Na weka laini ya simu ya kampuni nyingine kama akiba, hata kifurushi kidogo cha wiki. Itakuokoa waya wa mtaani ukikatwa. Haitakuokoa kebo za baharini zikikatika, kama EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, maana siku ile faiba na simu viliyumba pamoja.

Mkazi_wa_Goba
Nimeelewa. Kesho naanza na kisanduku cha nguzoni, nitaleta kipimo cha dBm hapa.