Mifuko ya jumbo yenye viambaza vya ndani: inaokoa nafasi kiasi gani kwenye kontena?

Shehena_Kavu
Wakuu, tunapakia unga wa madini, kama kilo 800 kwa mita moja ya ujazo, kwenye mifuko ya jumbo (mifuko mikubwa ya kitambaa, inayobebwa kwa foklifti) ya kawaida yenye kitako cha sm 95 kwa 95. Ikijaa inakuwa duara, na miwili haikai ubavu kwa ubavu ndani ya kontena la futi 20. Tunaipanga kwa kupishana: 8 chini, 8 juu, kilo 850 kila mmoja, yaani tani 13.6. Kona zote zinabaki tupu. Muuzaji anasukuma mifuko yenye viambaza, ambayo ni ghali zaidi. Faida yake hasa ni ipi, na kipi hatasema?

Mizani_Kwanza
Mkuu, mzunguko wa kitako chako ni sm 380. Kitambaa kikijaa kinatafuta duara, na duara la mzunguko huo lina kipenyo cha sm 121. Miwili ni 242, wakati kontena kwa ndani lina upana wa sm 235 hivi. Hapo hakuna ufundi wa kupanga utakaokusaidia.

Viambaza ni vipande vinne vya kitambaa vilivyoshonwa ndani, kila kimoja kikikata pembe moja, vikiwa na matundu ili mzigo upite ujaze pembe. Kazi yake ni kuvuta kuta zisitoke nje. Mraba wa sm 110 una eneo la mita 1.21 za mraba. Duara lenye kipenyo cha sm 110 lina 0.95 tu. Ukubwa huo unakaa miwili kwa upana (220) na mitano kwa urefu (550 kati ya 590), kwa hiyo 10 kila tabaka.

Usiagize kitako cha 110 kamili lakini. Kiambaza kinapunguza kuvimba, hakikiondoi. Agiza 105 hadi 107, jaza mfuko mmoja wa majaribio, pima katikati ya ubavu ndipo uagize mingine.

Na kama siku moja utapakia mzigo mzito kama mchanga, kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, achana na viambaza. Kontena litafika kikomo cha uzito kabla ya kujaa, utakuwa umelipia nafasi usiyoitumia.

Foklifti_2
Hesabu ya upana ni sahihi, ila watu hukwama kwenye kimo. Mlango wa kontena la kawaida la futi 20 una kimo cha sm 228 hivi. Ukijaza kilo 1,000 za unga wako, ni mita 1.25 za ujazo. Gawa kwa 1.21, kimo kinakuwa sm 103. Ongeza paleti ya sm 14: 117. Tabaka mbili ni 234. Haiingii!

Shuka hadi kilo 900: sm 93 na paleti ni 107, mbili ni 214. Zinabaki sm 14 za foklifti kuinua paleti ya juu na kuitua bila kukwaruza. Mifuko 20 × 900 = tani 18. Hiyo ndiyo tofauti ya kulinganisha na bei, tani 4.4 zaidi kwa kontena lile lile. Hakikisha tu barabara za njia yako zinaruhusu uzito huo.

Paleti iwe 110 kwa 110. Mfuko usining'inie nje ya ukingo, maana kitako kinakatika pale kinapobanwa na mbao.

Shehena_Kavu
Asanteni. Sisi tunaweka mfuko wa nailoni ndani kwa ajili ya unyevu. Utagombana na viambaza?

Mshono_Mara_Mbili
Utagombana sana ukiweka nailoni ya bomba la kawaida. Inakunjamana nyuma ya viambaza, mzigo haufiki pembeni, mfuko unajaa ukiwa umepinda. Agiza nailoni iliyokatwa kwa umbo la mfuko na kufungwa kwenye mishono. Isipofungwa, wakati wa kumwaga inateremka na mzigo na kuziba mdomo wa chini.

Kujaza: tundika mfuko kwa vitanzi vyote vinne, kitako kiguse paleti kidogo. Pulizia hewa hadi nailoni ikae kwenye kuta, kisha acha njia ya hewa kutoka. Jaza theluthi, tikisa, endelea. Ukimimina wote kwa kasi, unga unajikusanya katikati, uzito unavuta viambaza upande mmoja na mshono unachanika kwa ndani. Kwa nje huoni kitu, ila ubavu huo unaanza kuvimba. Unga uliojaa hewa pia husinyaa baadaye, kwa hiyo usipange tabaka la pili mara tu baada ya kujaza.

Mishono iwe na uzi wa kuziba vumbi. Wengi husahau kuutaja kwenye oda.

Mizani_Kwanza
Nyongeza kuhusu uwiano wa usalama kwenye lebo, yaani mfuko unahimili mara ngapi ya uzito ulioandikwa: 5:1 maana yake mfuko ni wa safari moja, 6:1 unaweza kurudiwa. Wenye viambaza ni mgumu kusafisha kwa sababu masalia hukaa nyuma ya vitambaa, kwa hiyo 6:1 ina maana tu kama mzigo ni ule ule kila safari. Ukibadili mzigo uwe unga unaoweza kuwaka, uliza aina ya kinga ya umeme tuli: aina C lazima iunganishwe na waya wa ardhini wakati wa kujaza na kumwaga, aina A haina kinga yoyote.