Nishike kazi gani katika timu ya roboti ya shule?

Muulizaji: Habari zenu, ndugu zangu. Nasoma sekondari huku Marekani, tulikohamia na wazazi kutoka Mombasa, na mwezi uliopita nilijiunga na timu ya shule inayoshiriki FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi. Wanaoandika programu kwa Java walianza tangu msimu uliopita, ujenzi una wenyewe, na mimi kila tukikutana hujikuta nimeshika tochi ili mwingine akaze skrubu. Nianzie wapi?

Fundi wa Nyaya: Mdogo wangu, usigombanie kibodi. Shika betri na nyaya, kazi ambayo wote wanaihitaji na hakuna anayeitaka. Msimu wangu wa kwanza roboti yetu ilizimika katikati ya mechi, na waandishi wa programu wakakesha wakitafuta kosa ambalo halikuwapo, kumbe waya wa betri ulikuwa umelegea kwenye kiungio. Tangu hapo nilizipa betri zote namba, nikawa nazipima kabla ya kila mechi na kuandika daftarini. Jihadhari lakini: betri ya volti 12 iliyochoka huonyesha kipimo kizuri ikiwa imetulia, kisha hushuka ghafla mota zote zinapovuta pamoja.

Dada Daftari: Namuunga mkono kaka, ila mshika tochi huona mengi, na hayo ndiyo yanayokosekana katika kitabu cha uhandisi kinachowasilishwa kwa majaji. Kurasa haziruhusiwi kuzidi 15, na timu nyingine huziandika usiku wa mwisho, wakati hakuna anayekumbuka kwa nini mkono wa kwanza wa roboti ulitupwa. Andika siku hiyohiyo mlichojaribu na kilipovunjika. Tena, kwa kuwa timu mbili huungana dhidi ya mbili, siku ya mashindano tazama roboti za wengine katika zile sekunde 30 za mwanzo zinapojiendesha zenyewe, ili muda wa kuchagua washirika ukifika nahodha wenu asibahatishe.

Muulizaji: Asanteni sana. Jana nilizipima betri zetu nne, na kipimo cha moja kiko chini ya cha nyingine ingawa ilikesha kwenye chaja. Niitupe?

Fundi wa Nyaya: La, ibandike utepe mwekundu iwe ya mazoezi tu. Ikipata joto lisilo la kawaida inapochajiwa, ichomoe umkabidhi mwalimu.