Tupeane uzoefu: mfululizo wa vitabu uliokuvunja moyo mwishoni

BintiUsiku: Leo nimepanga kabati nikakutana na vile vitatu vya Holly Black, The Cruel Prince na wenzake, hasira imerudi upya. Kama hujasoma pita, namwaga ubuyu wote. Jude ni binadamu, kalelewa na Madoc, yule yule aliyewaua wazazi wake mbele ya macho yake, anaishi Elfhame kwa viumbe wasioweza kusema uongo na silaha yake ni kwamba yeye anaweza. Anakula sumu kidogo kidogo mwili uzoee! Cha pili ndo kabisa, Cardan, mfalme wa huko, anamuoa halafu anamfukuza, nikalia. Cha tatu kikaja Novemba 2019, chembamba, fitina zote zimeyeyuka, Cardan anageuka linyoka, Jude anakata kichwa, jamaa anatoka humo ndani mzima. Basi! Yaani vitabu viwili vya akili na hofu vinamalizwa kwa upanga mmoja.

KobePwani: Kweli tupu. Na uhamisho ule, kumbe ruhusa ya kurudi ilikuwa mikononi mwa Jude muda wote, si ndo malkia mwenyewe!

JumaKahawa: Hayo si majini tu jamani? Bibi zetu walisimulia toka zamani

KobePwani: Hapana kaka, jini anadanganya mchana kweupe. Hawa hawawezi, ndo maana kila neno lao lina mtego, usichanganye

JumaKahawa: Majini.

MamaWawili: Mimi nilishindwa kabla hata ya nyoka. Cardan na genge lake wanamtosa Jude mtoni kwenye viumbe vinavyouma watu, halafu baadae natakiwa nimpende? Nilikuwa na wa hivyo nikiwa fom siksi, ananicheka mbele za watu, anamwaga daftari zangu, mashoga wakasema anakupenda huyo hajui kusema, nikaamini, tukaja kuishi pamoja na siku moja chakula kimechelewa akanivunja mkono, huu wa kushoto, mpaka leo baridi ikija unauma. Binti yangu ana miaka 14, kaja na hicho kitabu anasema mama Cardan ni mtamu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

KobePwani: Pole sana dada yangu. Uko salama sasa?

MamaWawili: Nipo kwangu na wanangu, miaka tisa sasa.

BintiUsiku: Nimetetemeka. Mi nilikuwa nalilia nyoka.

Dullah_: Mnyang'anye kitabu huyo mtoto

KobePwani: Asinyang'anywe, atasomea kwa shoga yake. Kisome nae, ukifika pale mtoni mwambie ya mkono.

Dullah_: Miaka 14 umwambie hayo??

MamaWawili: Mkono anaujua, hajui ulivunjikaje.

JumaKahawa: Dada nisamehe, nimeingia na majini yangu hapa. Mwambie.

NeemaK: Mimi sijaanza hata cha kwanza, nisome au niache?

BintiUsiku: Soma viwili, cha tatu usiguse

KobePwani: Soma vyote, utajuaje