Damu puani wiki chache baada ya ajali ya bodaboda, naombeni ushauri

Mwana_Mbalizi: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, mteremko wa Iwambi. CT scan ikaonyesha ufa kwenye sakafu ya fuvu. Aliruhusiwa, akaanza kula vizuri. Juzi usiku damu imefoka pua ya kushoto, ikakata yenyewe, alfajiri ikarudi kwa nguvu. Hospitali wamembana gozi puani, wanasema kesho wanalitoa aende nyumbani. Tangu jana jicho la kushoto linaona ukungu. Baba anataka tumpeleke Tukuyu akapumzike. Moyo wangu unakataa.

Tabibu_Nyanda: Pole sana mkuu, na moyo wako usiupuuze. Fuvu limevunjika, damu inafoka na kukata, jicho la upande uleule linafifia: hapo lazima kuwaza mshipa wa karotidi ya ndani, unaopita nyuma kabisa ya pua ukielekea kwenye ubongo. Ukichanika, damu hujichimbia kifuko pembeni kisicho na ukuta wa kweli, kinachoweza kupasuka hata wiki kadhaa baada ya ajali. Gozi hapo linaziba mlango tu. Ombeni CT ya mishipa, ile ya kuchoma dawa. Na gozi litolewe chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa ikiwa tayari, si kitandani wodini.

Mama_Uyole: Mjomba wangu walimwekea mpira wa mkojo puani ukajazwa maji, damu ikakata. Si wajaribu?

Tabibu_Nyanda: Dada, kwa fuvu zima unasaidia sana. Penye ufa, mpira unaweza kupenya ukaingia ndani ya fuvu, kwa hiyo auweke mtaalamu anayeona anakopita. Gozi nalo likikaa muda mrefu huleta maambukizi, na hewa hupungua usiku.

Kaka_wa_Soweto: Kipimo kikithibitisha, ulizeni rufaa ya Dar, Muhimbili au MOI (taasisi ya mifupa na ubongo). Wanapitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi kichwani, wanaziba kwa koili, yaani vijiwaya laini vilivyojikunja. Hatari yake ni kiharusi, maana mshipa huo unalisha ubongo; ndiyo maana kabla ya kuufunga moja kwa moja hujaribu kwanza kuuziba kwa muda kwa puto. Msimpakie basi! Ni zaidi ya kilomita 800. Ambulansi yenye muuguzi, au ndege daktari akiridhia.

Mwana_Mbalizi: Asanteni mno. Nimemsomea Baba yote, amekubali. Daktari wa zamu naye kasema gozi libaki, kipimo asubuhi. Damu yake ni O hasi, aliyepo Mbeya mjini mwenye kundi hilo aniandikie inbox usiku huu.