Kupeleka watu Mirihi: ni kazi gani hasa roboti haiwezi?

Kimondo_7
Wakuu, tuweke pembeni mambo ya bendera na fahari ya mataifa. Curiosity, roboti ya magurudumu ya NASA (shirika la anga la Marekani), iko Mirihi tangu Agosti 2012, haili, haipumui, wala haidai kurudishwa nyumbani. Nitajieni kazi moja tu ambayo mtu angeiweza na roboti ikashindwa.

Mchimba Mwamba
Kutoboa shimo.

InSight, roboti ya Mirihi isiyotembea, ilitua Novemba 2018 na kifaa cha kupima joto linalotoka tumboni mwa sayari. Ni kijiti cha sentimita 40 hivi chenye nyundo ndani, kilichotakiwa kujigongelea chenyewe hadi mita 5 chini. Nyundo ikipiga, kijiti nacho hurushwa nyuma kidogo, kwa hiyo lazima udongo wa pembeni ukibane. Udongo wa pale ulikuwa na tabaka lililogandamana. Kishimo kikapanuka badala ya kubana, kijiti kikabaki kudundadunda. Mafundi wakakikandamiza kwa kijiko cha mkono wa roboti: kikaingia, kikatoka, kikaingia tena. Walianza Februari 2019 wakaacha Januari 2021, kichwa chake kikiwa sentimita chache tu chini ya uso. Kukichomoa wakijaribu mahali pengine hawakuweza, mkono haukuundwa kukishika. Mtu angesogea hatua tatu akatoboa upya.

Mwezini kipimo hichohicho kilifanyika kwa mikono. Apollo 15, safari ya wanaanga ya mwaka 1971, ilikusudia mita 3 ikaishia karibu nusu: mifereji ya nje ya bomba la drili ilikatika kwenye maungio, vumbi likakosa njia ya kupanda juu. Bomba likaundwa upya, na Desemba 1972 Apollo 17 ikapima vizuri kwenye mashimo mawili.

Ratili
Mbona umeiruka Apollo 16, mkuu? Pale katikati, Aprili 1972, bomba jipya lilishuka vizuri kabisa. Kisha mwanaanga John Young akakwaa waya wa kifaa hichohicho, ukakatika kwenye kiungio, kipimo kikafa papo hapo. Suti ya anga inakunyima kuona miguu yako, na waya kwenye uvutano mdogo haulali chini. Binadamu hutengeneza na hubomoa pia.

Sasa hesabu. Njia nzuri ya kwenda hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi, na ya kurudi nayo lazima uisubiri, kwa hiyo safari ya kwenda, kukaa na kurudi ni kama siku 900. Mtu mmoja hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Watu wanne wanavuka tani 3, bila chakula. Kuitengeneza kulekule? MOXIE, kifaa cha kutengeneza oksijeni kutoka hewa ya Mirihi kilichokuwa ndani ya roboti Perseverance, ilitoa gramu 122 kwa majaribio yake yote 16, yaani pumzi ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu. Ilikuwa ya majaribio, sawa, lakini umbali uliobaki ndio huo.

Halafu mionzi. Njiani ni kama milisivati (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 1.8 kwa siku, ardhini kama 0.67. Siku 400 za njiani na 500 za ardhini zinakupeleka kwenye 1,055 hivi. NASA humruhusu mwanaanga 600 kwa maisha yake yote ya kazi.

Na kutua sijagusa: Perseverance, kilo 1,025, ndiyo mzigo mzito kuliko yote iliyowahi kutua salama kule.

Mchimba Mwamba
Hesabu yako siipingi. Ila weka na mwendo: Opportunity, roboti nyingine ya magurudumu kule Mirihi, ilichukua miaka 11 kufikisha kilomita 42. Apollo 17 walitembea na gari lao kilomita 35 kwa siku tatu, na Harrison Schmitt, mwanajiolojia, akaona udongo wa rangi ya machungwa akachimba palepale. Roboti huona, hutuma picha, husubiri amri. Ishara peke yake huchukua dakika 3 hadi 22 kwenda upande mmoja.

Kimondo_7
Je, watu wakibaki kwenye mzingo wa Mirihi, yaani wakiizunguka bila kutua, na kuendesha roboti kutoka juu?

Ratili
Hapo unaokoa kutua na kuruka tena, na ucheleweshaji unakuwa sehemu ndogo ya sekunde. Mionzi haikwepeki, huko juu ni mibaya zaidi, maana ardhini sayari yenyewe hukukinga nusu ya anga. Mifupa nayo huendelea kupungua, asilimia 1 hivi kwa mwezi kwenye nyonga, usipofanya mazoezi mazito.

Lakini kama unatafuta uhai, hiyo ndiyo njia ninayoichagua. Suti yoyote huvuja kidogo kwenye maungio, na kinachovuja kina bakteria wetu. Mkataba wa Anga wa 1967, ibara ya 9, unazuia uchafuzi wa namna hiyo. Roboti unaweza kuioka kwa joto kali kabla ya kuirusha, mwanaanga huwezi.